Mikono ya Bi Sadae Siku ya Maua

Bi Sadae Fukushi alikuwa na ugonjwa wa mikono. Si baridi yabisi. Hiyo anayo kila mzee wa huku kaskazini na hakuna anayeitangaza. Ugonjwa wake ulikuwa huu: mikono yake haikuweza kupita karibu na kimono iliyovaliwa vibaya ikaiacha salama. Awe kwenye foleni ya posta, awe msibani, awe mlangoni mwa ukumbi wa harusi ya watu asiowajua, mikono ilimtoka kama paka aliyenusa samaki. Ilimdaka mgeni kiunoni, ikavuta, ikabana, ikampiga kofi dogo la mwisho mgongoni. Kabla mwenye kiuno hajauliza wewe nani, Bi Sadae amekwisha kusema, "Haya, sasa unafanana na mtu."

Mji wa Hirosaki ulimjua. Wenye adabu walimwita Mama Madoka. Wengine wote walimwita Sajenti.

Asubuhi ya siku ya maua, Sajenti alisimama mbele ya kioo akifunga mshipi wake, ule mpana wa hariri unaozunguka kiuno kama bendeji ya tajiri, huku akikariri masharti kama mtoto anayeogopa kusahau alichotumwa dukani.

"Mkono, hapana. Neno, hapana. Kikohozi, hapana."

Masharti yalikuwa ya binti yake, Madoka, na yalitolewa kwa simu kwa sauti ya hakimu mwenye njaa.

"Mama, sikiliza vizuri maana sitarudia. Tutakuja kutazama maua. Mama Shungo atakuwepo, na amesema atavaa kimono. Ukigusa kimono ya mtu, mtu yeyote, hata sanamu ya dukani, tunakunja turubai tunaondoka. Na Ito utamwona siku anaolewa."

"Na nikiona kitu—"

"Fumba macho."

"Nikifumba nikajikwaa?"

"Ujikwae kimyakimya, Mama."

Ito ndiye mjukuu, wa kwanza na wa pekee. Bi Sadae hakuwa amemshika tangu akiwa mchanga wa kufungwa kitambaani, na sasa mtoto alikuwa anatembea, anauma watu, ana maoni yake. Hayo yote bibi yake aliyaona kwenye kioo cha simu. Sababu ilikuwa mikono.

Mambo yalianzia siku ya kumpeleka Ito hekaluni kwa mara ya kwanza, angali mchanga. Kwa desturi, anayembeba mtoto ni mama wa baba yake, na huyo ni Bi Ritsuko Mikami, mama yake Shungo mume wa Madoka, mwanamke mpole aliyezoea suruali, ambaye kimono alikuwa akiivaa kama mtu anavyovaa plasta. Kuhani akawa anaimba dua. Bi Sadae alisimama nyuma, na mbele ya macho yake mshipi wa Bi Ritsuko ukaanza kushuka, taratibu, kama mkia wa mbwa aliyechoka. Mikono ikamtoka. Bi Ritsuko, mtoto kifuani, hakuwa na mkono wa kujitetea. Alivutwa, akazungushwa kama pia, na mshipi badala ya kupanda ukafumuka wote, ukaanguka sakafuni mbele ya kuhani, mbele ya wakwe kutoka Akita, mbele ya mungu wa pale. Mungu wa pale hakusema kitu. Madoka alisema.

Tangu hapo Bi Ritsuko hakugusa tena kimono. "Si vazi langu," alikuwa akisema, kwa lile tabasamu lililoziba kitu. Kisha baridi ikaja, na pamoja na baridi hospitali, kisu, tumbo kupasuliwa, na kutolewa kilichotolewa. Alipotoka, amekonda kama kijiti cha kulia wali, alisema jambo moja tu: akiyafikia maua ya mcheri mwaka huu atavaa kimono ya marehemu mama yake, ataivaa mwenyewe, bila mkono wa mtu, na apigwe picha chini ya mti.

Kwa hiyo hii haikuwa picha ya kuchezea. Bi Sadae alilijua hilo, na ndiyo maana alipotoka nyumbani alibeba vifurushi viwili vya chakula, kimoja kila mkono, vizito kupita haja. Mayai ya kukunja, kababu za ngisi, vifuko vya tofu vilivyojazwa wali mtamu, na kachumbari ya kutosha kikosi. Mtu mwenye vifurushi viwili hana mkono wa tatu.

Bi Sadae aliwajua ngisi kuliko alivyoyajua maua. Ujana wake wote na utu uzima wake wote ulipita nyuma ya kioo cha duka kubwa, upande wa samaki, amevaa buti za mpira na kofia ya nailoni, akivuta matumbo ya ngisi tangu asubuhi hadi jioni. Wanaume walinunua kutoka mkononi mwake bila kumtazama usoni. Ndipo akajiandikisha darasa la kimono la jioni kwenye ukumbi wa mtaa, na huko, kwa mara ya kwanza, mikono ile ile iliyonuka bahari ilisifiwa. Cheti akakitundika jikoni juu ya friji. Wiki nzima buti za mpira, Jumapili hariri. Mtu akionja mamlaka ya namna hiyo, hata iwe mamlaka juu ya mishipi tu, ni shida kumpokonya.

Mumewe, dereva wa gari la kuondoa theluji, aliishi kimya na akafa kimya. Bi Sadae alimvisha mwenyewe kwa safari ya mwisho. Hiyo ndiyo mara pekee maishani mwake alipofunga kimono kinyume, upande wa kulia juu ya wa kushoto, maana walio hai hufunga kushoto juu, na kinyume chake ni vazi la kulalia jenezani na kuteketezwa nalo. Mikono yake siku hiyo ilikataa. Ilibidi aiamrishe, kidole kwa kidole. Na kila mtoto wa Hirosaki hukanywa: ukifunga hivyo unajiitia kifo.

Bustani ya ngome ilikuwa imejaa hadi pomoni. Huku ni nchi ya matofaa. Mti unaotulisha mwaka mzima ukichanua hakuna anayeinua shingo, lakini huu wa mcheri, usiozaa hata kikonyo cha kutafuna, watu wazima wanaacha kazi na kulala chini yake juu ya maturubai ya buluu, midomo wazi, wakilewa kwa heshima. Ngome ilikuwa juu, daraja jekundu katikati, na chini mtaro wa maji uliofunikwa petali hadi ukafanana na uji wa waridi.

Na kimono! Bi Sadae aliingia getini akahisi jasho la mgongoni. Wasichana wa chuo walipita na kimono za kukodi zenye rangi ya pipi, mishipi imening'inia makalioni. Mvulana mmoja alikuwa na lebo ya dukani inampepea shingoni kama ulimi. Mama mmoja alivaa pindo limepanda hadi kwenye vigimbi, anapiga hatua kana kwamba anavuka mto. Vifurushi vilitikisika.

"Mama." Madoka alikuwa ametokea mbele yake, suruali ya jinzi, uso wa kituo cha ukaguzi. "Nakuona."

"Nimefanya nini?"

"Kidole chako cha mwisho kimesogea."

"Ni damu tu inatembea, mwanangu. Nayo uikataze?"

Shungo alikuja nyuma yake akipiga miayo. Alilala hapo tangu alfajiri kulinda nafasi ya turubai, kama wakwe wema wanavyotakiwa. "Karibu, Mama. Lete nikusaidie mizigo."

"Usinisaidie," alisema Bi Sadae kwa haraka iliyomshtua kijana. "Mizigo inanisaidia mimi."

Lakini turubai ni turubai. Mtu akifika huketi, na akiketi hutua mizigo. Mikono ikabaki mitupu magotini, imelala chali, na Madoka akaketi mahali pa kuiona yote miwili.

Bi Ritsuko alifika kwa hatua ndogo, amefunikwa koti la hariri na shali nene hadi kidevuni, maana upepo ulikuwa bado na meno. Alikuwa amekonda zaidi ya alivyoonekana simuni. Alipomwona Bi Sadae alisita. Mkono wake ulienda nyuma, kwenye mshipi, ukaushika kama mtu anayeshika mfuko wake penye vibaka.

"Mama Madoka," alisema, akainama.

"Mama Shungo." Bi Sadae naye akainama hadi paji likagusa plastiki. "Pole na kuumwa. Pole sana. Na pole na... na vingine."

"Yamepita hayo. Nimeyafikia maua, sivyo?" Akaketi polepole, mkono tumboni. "Shungo, mwanga ukiwa mzuri unipige picha chini ya ule mti unaoinamisha matawi. Uipige vizuri. Ikitoka safi, ndiyo mtakayoweka kwenye madhabahu ya nyumbani siku yangu. Zile nyingine zote nimefumba jicho moja."

"Mama, usiseme hivyo!"

"Mbona nyote mnashtuka? Mtu akichagua picha yake mapema anawapunguzia kazi."

Walicheka kidogo, kwa uangalifu, kama watu wanaotembea juu ya barafu. Kisha Ito akainuka. Alitazama vifuko vya wali, akamtazama bibi asiyemjua, akapima lipi lina faida zaidi, akaja. Alijimwaga kwenye mapaja ya Bi Sadae kama gunia la mchele lenye joto. Mikono miwili ikapata kazi. Bi Sadae alimzungushia mtoto mikono yake, akaisikia ikitulia, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na akafikiri: leo nitashinda. Walahi leo nitashinda.

Hapo ndipo jua likatoka, na Bi Ritsuko akasema, "Joto sasa," akavua shali, akavua koti.

Kimono ilikuwa ya rangi ya moshi, yenye petali chache zilizotawanyika pindoni, ya mama yake kweli, ya zamani, nzuri kiasi cha kukata kauli. Na ukosi wake ulikuwa umefungwa kulia juu ya kushoto.

Bi Sadae alitazama tena. Akafumba macho kama alivyoagizwa, akafumbua. Maiti ilikuwa bado imekaa mbele yake, inakula yai la kukunja na kulisifu.

"Tamu," alisema Bi Ritsuko. "Umetia nini?"

"Sukari," alisema Bi Sadae, sauti ikatoka kwenye kisigino. "Kidogo."

Alimtazama Madoka. Madoka hakuwa anaona kitu. Mtoto aliyelelewa na mlevi hujifunza kutotazama chupa, na Madoka, aliyelelewa na Sajenti, hakuwa ametazama ukosi wa mtu tangu aondoke nyumbani. Alitazama mikono ya mama yake tu.

"Madoka, njoo nikunong'oneze—"

"Mama."

"Si hilo. Ni jambo la uhai na—"

"Mama. Uliahidi." Alisema kwa tabasamu, meno yamefungwa, na mkono mmoja akamvuta Ito mguu, polepole, kumrudisha upande wake. Bi Sadae akanyamaza. Mguu ukaachiwa.

Akajaribu kwa mkwe. "Shungo, mwanangu, hebu mtazame mama yako. Mtazame vizuri. Hapa juu. Unaonaje?"

Shungo alitazama kwa mapenzi yote ya moyo wake. "Amependeza mno," alisema, macho yamelowa.

Kuna wanaume ukiwaonyesha nyumba inaungua watakusifia taa.

"Umevaa mwenyewe, Mama Shungo?" aliuliza Bi Sadae, akitafuta mlango mwingine.

"Mwenyewe!" Uso wa Bi Ritsuko ulichanua. "Nilijifunza simuni. Mwalimu alisimama pale, mimi hapa, mkono wake ukienda huku na wangu ukienda huku, hatua kwa hatua. Nilipomaliza nikajitazama kwenye kioo, nikafanana naye hasa, kama pacha." Kioo kilikuwa kimegeuza kulia kuwa kushoto. Kisha akaona macho ya Bi Sadae yaliposimama. Ua lile likanyauka. Mkono ukarudi kwenye mshipi. "Kwani kuna kitu?"

Madoka aliacha kutafuna.

Kumwambia ni neno moja. Lakini Bi Sadae aliuona mkono ule umeing'ang'ania hariri, akaiona siku ya hekaluni nzima imerudi, na akajua atakachofanya mwanamke huyu akiambiwa mbele ya watu, tena na yeye, Sajenti, kwamba siku aliyoishinda hospitali amejivisha sanda. Asingevaa kimono tena. Pengine asingetoka tena nyumbani.

"Hakuna kitu," alisema. "Umependeza."

Madoka akaendelea kutafuna, lakini polepole. Na ukosi ukabaki pale pale, unapumua.

Majanga hayaji peke yake. Njiani, kati ya maturubai, alikuwa anakuja Bi Hatsue, mwenzake wa darasa la kimono, mwanamke mwenye jicho la mwewe na mdomo wa spika za mnadani. Bi Sadae alimwona akisimama. Alimwona akinyoosha shingo. Alimwona akijiziba mdomo kwa mkono, si kwa huruma bali kwa utamu, kisha akashika njia kuja kwao.

"Samahanini, nimemwona rafiki," alisema Bi Sadae. Alimtua Ito, akaruka akiwa na soksi tupu, akamkabili Bi Hatsue kando ya njia, kifua kwa kifua.

"Sajenti! Zamu imeisha? Maiti inakula mayai pale na wewe unaimiminia chai!"

"Punguza sauti."

"Kwa nini nipunguze? Wafu hawasikii. Ngoja nikamsalimie marehemu."

"Hatsue. Ukifungua mdomo mbele ya yule mama, Jumanne nitaliambia darasa zima kwamba mshipi wako hufungi. Umeshonwa tayari, unaubandika nyuma kwa utepe wa kunata, kama nepi."

Bi Hatsue aligeuka rangi. "Nani kakwambia?"

"Unalia *kwaru* ukiinama. Nimekusikia mwaka wa tatu huu, nikakuhifadhi."

Walitazamana, wanawake wawili wa hariri, na petali zikawaangukia vichwani kana kwamba ni watu wa heshima. Bi Hatsue aliushika mshipi wake nyuma. "Wewe unalinda kosa," alisema hatimaye, kama aliyeona jua likichomoza magharibi. "Wewe!" Akaondoka, akitembea wima sana, asiiname.

Bi Sadae aliporudi, Shungo alikuwa ameshasimama na kamera shingoni.

"Mwanga ndio huu! Foleni imepungua kule. Twendeni, wote, Mama na Mama."

Bi Ritsuko akajipangusa makombo, akajinyoosha kwa jinsi anavyojinyoosha mtu anayekwenda kutazamwa milele. Mti wenyewe ulikuwa hatua chache tu, matawi yameshuka hadi chini kama pazia, na mbele yake watu wakipokezana kupigwa picha. Mbele yao kulikuwa na familia tatu hivi. Familia tatu, halafu kulia juu ya kushoto ingekaa madhabahuni kwa Mikami vizazi na vizazi, na Bi Hatsue angekuja kufukiza ubani kila mwaka ili aione.

Mikono ya Bi Sadae iliinuka yenyewe. Aliiona ikiinuka. Madoka naye aliiona.

"Choo," alisema Bi Sadae, akaishusha. "Nakwenda chooni. Shikeni foleni."

Alikimbia, kama mtu anavyoweza kukimbia ndani ya kimono, yaani magoti yamefungwa na roho iko mbele. Foleni ya wanawake chooni ilikuwa imefika hadi kwenye kibanda cha vitonge vya dango. Aliipita yote, akaingia kile choo kikubwa chenye ubao wa kubadilishia nguo, akafunga komeo, akasimama kwenye ubao huku akitweta.

Usiguse kimono ya mtu, alisema Madoka. Ya mtu.

Akafungua mshipi wake mwenyewe. Hariri ikaporomoka ikamzunguka miguu. Akafungua kamba, akafungua kimono, akafungua na vazi la ndani, baridi ikamtia vidole mbavuni. Kisha akavuta upande wa kushoto kwanza, na wa kulia juu yake. Mikono ilikataa. Ilikuwa haijafanya hivyo tangu chumba kile chenye harufu ya ubani, mumewe amelala chali, mpole kama kawaida yake, akingoja avishwe. Aliiamrisha tena, kidole kwa kidole. Lala. Vuka. Bana.

Mlango ukagongwa. "Kuna mtu?"

"Hakuna," alijibu Bi Sadae bila kufikiri. "Yupo. Anakuja."

"Hodi, jamani, nina mtoto hapa anataka kubadilishwa!"

"Na mimi nabadilishwa! Subiri!"

Mshipi aliufunga gizani mwa akili, nyuma ya mgongo, kama alivyoufunga mara elfu. Alipojitazama kiooni aliona mzee wa kike aliyekufa vizuri. Akatoka. Mwenye mtoto alimtazama ukosini, akatoa macho, akasogea pembeni akimkumbatia mtoto wake.

Na ndivyo ilivyokuwa njia nzima. Watu walimpisha. Babu mmoja aliyelewa alivua kofia. Bi Sadae, aliyewatisha watu wa mji huu kwa usahihi wake, sasa aliwatisha kwa kosa, na uso ulimwaka kama uliochomwa kwa pasi. Lakini akatembea.

Zamu yao ilikuwa imefika. Bi Ritsuko alikuwa amesimama tayari chini ya matawi, Ito kifuani pake, mtoto ameuziba ukosi kwa kichwa. Shungo alikuwa amepiga goti na jicho moja kalifumba.

"Mama, upesi! Simama kulia kwa Mama. Ito tumshushe asimame mbele, afadhali aonekane. Hivyo. Mama usitikisike. Moja—"

Bi Sadae alisimama mahali pake, akashusha mikono yake kiunoni, akamtazama binti yake. Hakumwambia kitu. Hakukohoa.

Madoka, aliyekuwa kando ya Shungo, alitazama mikono ya mama yake, kama alivyoitazama siku nzima. Ilikuwa imetulia. Macho yakapanda kutoka mikononi kwenda kwenye mshipi, kutoka mshipi kwenda juu.

"Mbili—"

"MAMA!"

Kamera ilimponyoka Shungo ikaning'inia. Madoka alikuwa tayari amevuka uwanja, na mikono yake, mikono ya binti asiyetaka kujua, ilikuwa imedaka ukosi wa mama yake pande zote mbili, inavuta, inafungua. "Umefanya nini? Umevaa kama maiti! Mama, umevaa kama Baba! Unaumwa? Umesahau? Wewe? Toa hii, toa!"

Foleni yote iligeuka. Bi Sadae aliachia avutwe. Alikuwa anamtazama Bi Ritsuko.

Bi Ritsuko aliutazama ukosi ule. Kisha, polepole sana, akainamisha kidevu, akautazama wake.

Petali moja ilimtua begani. Mkono wake uliinuka, ukapapasa hariri ya mama yake, kulia, kushoto, ukasimama. Rangi yote iliyokuwa imerudi tangu hospitali ikamtoka usoni.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Sijaona kitu," alisema Bi Sadae. "Niliahidi kutoona."

"Mama Madoka. Tangu lini?"

"Ulipovua koti."

"Na ulikuwa umevaa vizuri wakati huo. Nilikuona." Aliushika ukosi wake. "Siku ile ulinivua mimi mbele ya watu. Leo umekwenda kumvua nani?"

"Mwenyewe. Chooni."

"Kwa nini?"

"Ungekufa peke yako pichani," alisema Bi Sadae. "Nikaona si vizuri."

Sauti iliyomtoka Bi Ritsuko ilianza kama kilio. Akajishika tumbo, mahali pa kisu, akainama, Shungo akamrukia kumshika, na ndipo wakasikia kwamba ni kicheko, kile kinachouma. "Usinichekeshe," alisema, machozi yakimdondoka. "Nyuzi zitafumuka. Ee, mama yangu, nimekula mayai yote yale nikiwa maiti!" Kisha kicheko kikakoma ghafla. "Nivue hii. Sitaki. Sirudi kule hospitali kwa sababu ya ukosi. Nivalishe, Mama Madoka. Nivalishe sasa hivi."

Mikono ya Bi Sadae iliruka. Nusu ya njia ikasimama hewani.

"Niliahidi," alisema, akamgeukia binti yake.

Madoka bado alikuwa ameshikilia ukosi wa mama yake. Aliitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba kuna mtu kaisahau pale. Akaiachia. Akamtazama Ito, aliyekuwa ameketi chini akila petali. Akamtazama mama mkwe wake, mweupe, anayengoja.

"Shungo," alisema, "lete turubai."

Waliliinua wima, buluu lote, wakalizungusha kama pazia la kuogea, Shungo upande mmoja, Madoka upande wa pili. Walevi wa ofisi moja ya jirani wakaja kuuliza kuna igizo gani, na Bi Sadae akawaamuru kutoka ndani, "Shikeni pembe! Geukeni! Atakayechungulia nitamfunga mshipi shingoni!" Wakashika, wakageuka, wametii kama askari wa gwaride.

Ndani, mikono ilifanya kazi yake. Haikukimbia. Chini ya hariri Bi Sadae alikuta taulo tatu zilizokunjwa ambazo Bi Ritsuko alijifungia ili mifupa isionekane, na chini yake bandeji.

"Usibane hapa," Bi Ritsuko alinong'ona, akaushika mkono wa Bi Sadae akauonyesha. "Hapa chini."

Bi Sadae akafunga mshipi juu kuliko kanuni, na legevu kuliko kanuni, hadi fundo likakaa kama mto uliolaliwa. Darasani angempa mtu sifuri kwa fundo hilo. Kushoto juu ya kulia. Hakupiga kofi la mwisho.

"Sasa wewe," alisema Madoka, akimwachia mlevi mmoja pembe yake ya turubai. "Geuka."

"Nitajifunga mwenyewe, mwanangu, dakika moja tu—"

"Mama. Geuka."

Akageuka. Madoka alifunga kama mtu anayefunga kifurushi cha posta huku basi linaondoka. Ukosi ulikunjamana, pindo likapinda, mshipi ukaenda mbavuni upande mmoja na nyongani upande wa pili. Bi Sadae alilisikia kila kosa likipita mgongoni mwake kama siafu. Mikono yake ilikuwa mbele, imeshikana, vidole vimekuwa vyeupe.

"Inauma?" aliuliza Madoka.

"Hapana."

"Iko sawa?"

Bi Sadae aliupapasa ukosi uliokunjamana kwa kidole kimoja, akakirudisha mahali pake.

"Iko sawa," alisema Bi Sadae.

Picha ilipigwa. Ito alikataa kusimama mbele. Alitaka kubebwa, na alinyoosha mikono kwa bibi mwenye vifuko vya wali. Bi Ritsuko alifumbua macho yote mawili. Shungo akasema ya mwisho, halafu akasema ya mwisho kabisa, na wakati wa ile ya mwisho kabisa Bi Hatsue akawa anapita tena, na puto la mjukuu wake mkononi. Alisimama. Aliutazama ule mshipi uliopinda wa Sajenti kutoka juu hadi chini, na mdomo wake ukaanza kufunguka.

"Amenifunga binti yangu," alisema Bi Sadae bila kugeuza uso kutoka kwenye kamera. "Pita."